Tupeane uzoefu: mtandao wa watu wa kazi uliujengaje? (Kigoma, Tabora karibuni)

Fundi_Mwanga
Habari za jioni wakuu. Mimi ni fundi friji, nipo Mwanga, Kigoma mjini. Mwaka jana simu yangu ilikuwa na namba zaidi ya 600 na bado nilikaa wiki tatu bila kazi. Nikachukua daftari nikapitia jina moja moja: huyu ananipa kazi, ananiuzia kifaa, au ananifundisha kitu? Yalibaki majina 11. Niliona aibu peke yangu chumbani.

Ikabidi nianze upya, safari hii naandika watu ninaowahitaji kabla sijawafahamu. Wasimamizi wa gesti. Wauza samaki wenye mafriza. Na mtu mmoja wa vipuri Dar asiyeuza kompresa feki. Huyo wa Dar nilielekezwa na konda wa basi! Konda ndiye anayebeba vifurushi vya mafundi wa huku, kwa hiyo anajua mzigo wa duka gani unarudishwa kila wiki. Kwenye gesti sikuomba kazi. Niliomba dakika ishirini, nikasafisha kondensa (yale mabomba ya kutoa joto) ya friji moja bure, nikamwonyesha dada wa mapokezi lile vumbi lilivyoganda kama blanketi. Sasa hivi wananiita wao.

Nyie wenzangu mmefanyaje?

MamaDagaa
Mwanangu, mimi nilifundishwa na ziwa. 2024 serikali ilipofunga uvuvi Ziwa Tanganyika, katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, niligundua watu wangu wote ni wa dagaa. Mvuvi, mwanikaji, mpakiaji, wote tumekaa Kibirizi tunatazamana. Hakuna wa kumkopa mwenzake.

Tangu hapo siku za mbalamwezi, wavuvi wa taa wakiwa wamelala, ndizo siku zangu za kutafuta watu. Nafunga safari kwa wakamuaji wa mawese. Simwambii mtu "tushirikiane", hilo neno limechakaa. Namwambia nina wateja wangapi Tabora, wanataka madumu mangapi, na wanalipa lini. Hapo hata kiti naletewa.

Nyuki_Sikonge
Shikamoo mama. Mie Nane Nane ya kwanza nilirudi na kadi za watu kama arobaini, zikaishia kwenye droo. Mwaka uliofuata nikasema natafuta wanunuzi watatu tu, basi. Nikawapa chupa ndogo za asali, kwenye lebo nimeandika unyevu asilimia 18. Wawili walionja wakasifia. Wa tatu hakuonja hata kidogo, akauliza, "Umepima na nini?"

Kipimo nilikuwa nimeazima kwa jamaa niliyesoma naye Chuo cha Nyuki hapa Tabora. Asali ikizidi asilimia 20 inachacha kirahisi, na mnunuzi yule alishawahi kuchachiwa na mzigo mzima. Mpaka leo kila msimu namtumia vipimo kwanza, bei baadaye. Na yule jamaa wa kipimo hakosi ndoo yake.

Mkata_Tamaa
Hongereni. Mimi huku kwetu ofisini nimemsindikiza mkubwa mmoja miaka miwili. Misiba nimebeba viti, harusi ya binti yake nimechanga mara mbili. Akahamishwa, hata kuaga hakuniaga. Kama huna ndugu hupati kitu.

Fundi_Mwanga
Pole mkuu, hiyo inauma. Ila niulize: katika miaka miwili hiyo, yeye alijua unataka nini kwake?

Mkata_Tamaa
Nilidhani ataona mwenyewe.

MamaDagaa
Ee baba! Aone nini, na wewe umebeba viti? Karani wake bado yupo?

Mkata_Tamaa
Yupo. Ndiye anayeshika mafaili yote, hata huyu mkubwa mpya anamuuliza yeye. Jina lake silijui.

MamaDagaa
Miaka miwili! Kesho anza na salamu, halafu mwambie moja kwa moja unachotafuta. Viti waachie vijana.