Nimechoka na nyasi za kukata kila wiki, nataka bustani ya asili. Nianzie wapi?

Mpenda Kijani
Wakuu, habari za jioni. Naishi Mbweni, Dar. Uwanja wa mbele ni kama hatua 20 kwa 15, mchanga mtupu. Ulikuwa na paspalumu: kila wiki mashine, kila jioni mpira wa maji, na kiangazi hiki boza limeshakuja mara mbili. Sasa kwa miezi kadhaa naangalia picha za ile bustani ya New York iliyo juu ya reli ya zamani ya mizigo, ilifunguliwa 2009, mpangaji wa mimea ni mzee wa Kiholanzi anaitwa Piet Oudolf. Majani marefu, maua yanachungulia katikati, upepo ukipita yote yanalala na kuinuka. Roho ikaniambia ndiyo hii. Swali langu ni moja tu: majani gani ya asili ya Pwani yanashika haraka, tuseme ndani ya wiki sita? Usingizi sipati.

Ngosha wa Buza
Unakosa usingizi kwa ajili ya majani? Panda mchicha, mkuu, angalau utakula.

Mama Tatu
Majani marefu ni nyoka, mimi sina la zaidi. Sisi tulipokuwa Kibaha baba watoto alisema tuache nyuma ya nyumba "papumue". Pakapumua kweli. Siku hiyo naenda kufungua koki ya tangi, naona kama kamba imejikunja chini ya bomba. Kifutu! Nilipiga yowe mpaka mwenye duka akafunga duka. Tangu siku hiyo kwangu ni zege mpaka ukutani, na joto lake nalivumilia.

Bwana Miche
Nyoka hafuati majani, anafuata panya. Acha mita moja safi kuzunguka nyumba, usirundike mawe wala mbao, utalala vizuri. Na mbu kabla hamjanivamia: wanazaliana kwenye maji yaliyotuama. Vifuu, makopo, matairi. Ile dengi ya 2014 na ya 2019 hapa Dar haikuletwa na nyasi.

Turudi kwa mleta uzi. Nauza miche barabarani huu mwaka wa 12, picha hizo wateja wananiletea kwenye simu kila siku. Kule baridi inalaza kila kitu, wanafyeka mara moja kwa mwaka, mimea inaanza upya. Huku hakuna baridi ya kuilaza. Masika moja tu majani yanakufika kidevuni. Usiige mimea yake, iga akili yake: yule mzee anachagua mmea kwa umbo lake hata ukishakauka, maua yanafuata baadaye, na anabananisha mpaka udongo hauonekani, magugu yanakosa pa kuota. Kwa mchanga wako na upepo wa chumvi kuna mkonge pori, kuna shubiri, kuna ile mitambaazi ya ufukweni yenye maua ya zambarau.

Ila wiki sita hapana. Huu ni mwezi wa saba, kusi linavuma, mvua za vuli mpaka Oktoba. Ukipanda leo boza litahamia kwako. Halafu umesema uwanja "ulikuwa na" paspalumu. Imeenda wapi?

Bi Asumini
Bwana Miche, na kilua unacho? Bibi yangu Pemba alikuwa na mkilua mmoja kivulini nyuma ya jiko, ukiingia uani alasiri unajua umefika kwa bibi. Ua lenyewe la manjano, hata si zuri la kutazama, lakini ukilitia kwenye kanga sandukuni harufu haitoki. Wataalamu wa mimea walikosa la kuongeza, wakachukua jina letu hilohilo: *Mkilua fragrans*. Nambie bei.

Mpenda Kijani
Asante Bwana Miche. Paspalumu nimeshaing'oa. Jumamosi, vijana wawili na majembe, hadi saa saba ilikuwa imeisha. Nilijua nikisubiri nitaghairi. Kwenye mtaro wa barabara nimeona lantana ile yenye vimaua vya manjano na pinki, inastawi bila maji, nimeshachimba mashina manane. Hiyo si asili?

Bwana Miche
ITOE LEO. Hiyo ilitoka Amerika huko, ndege wanakula tunda wanapanda mbegu mtaa mzima. Jirani zako watakuja na mapanga.

Mzee Kipara
Kijana, mbona hujibu? Wiki sita za nini? Na nyumba ni yako?

Mpenda Kijani
Nyumba ni ya baba mkwe. Wao wako Moshi, sisi tunaishi hapa tunaiangalia. Mama mkwe yuko Dar tangu mwezi uliopita, amefikia kwa mwanawe Tegeta. Mwisho wa Agosti ni sendofu ya shemeji yangu na itafanyika hapo uwanjani. Kamati imeshalipia tenti na viti 250.

Lakini wakuu, hivi tenti lazima isimame kwenye nyasi fupi? Wageni wakikaa pembezoni mwa majani marefu, taa za njano, si ndiyo picha zenyewe? Na mke wangu alikubali. Yaani hakukataa.

Mama Tatu
Paspalumu aliipanda nani?

Mpenda Kijani
Mama mkwe.

Ngosha wa Buza
🙆🙆 Mchicha sasa haukusaidii.

Mzee Kipara
Ukikaribishwa kwa watu hung'oi hata jani bila kuuliza. Sisi tulioa tukakaa ukweni miezi minne, hata kiti nilikuwa sihamishi. Vijana mnaangalia picha za New York mnasahau mnalala nyumba ya nani.

Fundi Redio
Hii chai, tena ya rangi. Mwezi wa pili huyuhuyu alifungua uzi anatafuta chumba Tabata, akaandika "mimi kijana bado sijaoa". Leo ana mke, wakwe na uwanja Mbweni?

Mpenda Kijani
Ule uzi nilimwandikia mdogo wangu, hana akaunti.

Fundi Redio
Sote tuna wadogo zetu wasio na akaunti. Weka picha ya uwanja.

Bi Asumini
Bado naulizia kilua.

Mpenda Kijani
Picha hiyo hapo, nimepiga sasa hivi.

Fundi Redio
Nimeivuta karibu. Mchanga wote una michirizi ya fagio la chelewa, imenyooka kama mistari ya daftari. Mtu aliyeng'oa nyasi juzi uwanja unakuwa mashimo. Huu umefagiwa. Nani kafagia?

Mpenda Kijani
Mama mkwe. Amekuja leo alfajiri bila kupiga simu. Nimesikia chwa, chwa, nikachungulia dirishani. Kainama, kanga kiunoni, amesawazisha mashimo kwa mguu, amefagia kuanzia barazani mpaka getini. Lantana zote nane kaziweka nje ya geti. Nimemwamkia, kaitikia "marahaba", kanawa mikono kwenye koki, kaondoka. Hakusema neno jingine. Ndiyo maana nauliza majani gani yanashika haraka.

Mama Tatu
Hapo naamini. Hiyo "marahaba" naifahamu.

Mzee Kipara
Mpigie baba mkwe leo, kabla hajapigiwa yeye.

Bwana Miche
Sikiliza, mama keshakupangia. Pale katikati usiguse, acha uwanja wa kufagia kama wa bibi zetu, tenti itasimama vizuri kuliko kwenye nyasi, na hautaki maji. Pembezoni mwa ukuta chora upindo wa hatua mbili, mkonge pori na shubiri vinaweza kuingia hata sasa kwa maji kidogo. Majani marefu subiri vuli. Ukingo wake uwe umenyooka, watu wakiona mstari wanajua kuna mtu anatunza. Na nenda Tegeta ukamuulize mama anataka ua gani karibu na baraza.

Mpenda Kijani
Nikienda niseme nini kwanza?

Ngosha wa Buza
Nenda na fagio jipya.

Bi Asumini
Nenda na mche wa kilua, kama Bwana Miche atanijibu bei. Hii mara ya tatu.