Njia ya misafara Bagamoyo–Ujiji: StoryMapJS, uMap au Google Earth?

Mwl_Unyanyembe: Wadau, habari zenu. Nina kidato cha tatu, kompyuta sita na bando la simu yangu. Nataka wanafunzi wasimulie kwa ramani njia ya misafara ya pembe na watumwa: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara (karibu na Tabora), Ujiji. Google Earth milima yake inavutia mno, ila bando linakata hatujafika Mpwapwa. Mnanishauri nini?

Binti_Dunda: Shikamoo mwalimu. Chukua StoryMapJS, programu ya mtandaoni ya kusimulia kwa ramani, ya Knight Lab, Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani. Ni bure, unaingia kwa akaunti ya Google. Kila kituo kina slaidi yake yenye picha na maelezo, na ramani inasogea yenyewe kwenda kituo kinachofuata. Ila waandike kwanza kwenye daftari! Akikaa kwenye kompyuta bila maneno, kipindi kizima kinaishia kwenye kutafuta picha.

Mchora_Njia: Kwa wepesi nakubaliana na Binti. Shida yangu ni ule mstari wa StoryMapJS: unatoka kituo hadi kituo umenyooka kama rula. Misafara ilifuata maji na chakula. Ukitoka Mpwapwa kuelekea Ugogo kulikuwa na nyika ya Marenga Mkali, haina maji, wapagazi wakiivuka mbiombio. Mtoto akiona mstari ulionyooka hatauliza njia ilipinda wapi, wala kwa nini. Kwenye uMap, tovuti ya kuchora ramani, anauchora mwenyewe juu ya OpenStreetMap, ramani huria ya dunia, hata akaunti si lazima. Tunza tu kile kiungo cha siri cha kuhariri. Ukikipoteza, ramani huigusi tena.

Mwl_Unyanyembe: Marahaba Binti. Mchora, hapo kwenye maji umenigusa. Simulizi lenyewe linakaa wapi?

Mchora_Njia: Ukibofya alama kinafunguka kidirisha, unaweka maandishi na picha. Unaweza pia kuzionyesha alama kwa zamu, ingawa StoryMapJS inalifanya hilo vizuri zaidi.

Mzee_wa_Ziwa: Nina ombi, walimu. Ujiji isiwe tu Stanley na Livingstone mwaka 1871. Mizigo ilibebwa na Wanyamwezi, na huko Tabora wajukuu wao ndio hao mnaowafundisha. Wawaulize wazee nyumbani.

Mwl_Unyanyembe: Nimekuelewa, mzee wangu. Jumamosi tunaanza na uMap, kipande cha Mpwapwa hadi Kilimatinde tu. Kila kikundi kitachora njia yake na kueleza maji yalipatikana wapi. Swali la wazee nawapa leo waende nalo nyumbani.