Kaole ni ustaarabu wa nani?

Kijana wa Kaole (Bagamoyo)
Shikamooni wakubwa. Naongoza wageni kwenye magofu ya Kaole, mji wa kale wa Waswahili, huku nikisoma sosholojia. Tukifika kwenye makaburi ya nguzo, mgeni huuliza: hii kazi ya Waarabu au ya Waafrika? Namwonyesha matundu ya duara yalimokaa mabakuli ya Kichina, swali linazidi kuwa gumu. Sasa nimefika kwa Samuel Huntington, msomi wa siasa wa Marekani, makala yake ya 1993 isemayo kwamba migogoro ijayo itakuwa kati ya staarabu. Anataja ustaarabu wa aina saba, na wa nane, wa Kiafrika, kauwekea "huenda". Pwani yetu inaingia wapi hapo? Nauliza kwa ajili ya mtihani, lakini zaidi kwa ajili ya kazi yangu.

Bi Ngamiani (Tanga)
Marahaba mwanangu. Rudi nyuma ya Huntington. Durkheim na Mauss, wanasosholojia wa Ufaransa, waliandika 1913 kwamba yapo mambo ya jamii yasiyokaa ndani ya mipaka ya taifa moja: zana, ufundi, biashara. Hayo yanayovuka ndiyo waliyoyaita ustaarabu. Mwambie mgeni waliojenga ni watu wa hapa, kwa matumbawe na chokaa ya hapa, wakachagua wenyewe cha kupambia makaburi yao.

Mtoto wa Kambini (Muheza)
Bi Ngamiani kasema kweli, ila vilivyovuka havikuvuka bure. Bagamoyo hiyo hiyo ilipitisha pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo.

Mimi nimekulia shamba la mkonge. Asili yake Mexico. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliuagiza kutoka Florida, ikafika Tanga miche 62 tu iliyo hai. Kufikia 1964 nchi ilikuwa inatoa karibu tani 230,000! Kambini, kwenye makazi ya vibarua wa shamba, jirani yetu huku Mmakonde, kule Muha, nyuma Mbena, na sisi watoto tulicheza na kugombana kwa Kiswahili. Huntington angetuweka kundi gani? Baba akimaliza kipande chake, yaani kazi aliyopimiwa ya siku, alirudi utomvu unamwasha mpaka viwikoni. Lakini bei ya singa, nyuzi za mkonge, haikupangwa kambini wala Tanga. Zilipokuja kamba za plastiki bei ikaanguka, mashamba yakafungwa. Ndiyo maana namshika Wallerstein, aliyeandika 1974 juu ya kitovu na pembezoni, yaani nchi tajiri zinazofaidi na nchi maskini zinazotoa malighafi na kazi rahisi: yeye anauliza nani anafaidi. Swali hilo ndilo lililoamua kama nitanunuliwa daftari.

Mzee wa Chumbageni (Tanga)
Kwa mtihani mtie na mwanasosholojia Eisenstadt, 2000: usasa una njia nyingi, si lazima kila jamii ifuate ya Ulaya. Na Huntington usimtupe. Watu wakishaamini wao ni kundi moja, imani hiyo inapiga kura na inapigana vita.

Kijana wa Kaole
Nashukuru sana. Kaka wa Muheza, hilo shamba bado lipo? Natamani kuliona.

Mtoto wa Kambini
Lipo, limeanza kulimwa tena. Njoo siku ya kazi ukute korona, mashine ya kutoa nyuzi, inasaga majani ya mkonge.