Nyumba ya wageni Dobbiaco (Italia) imetukatia chumba viza zikiwa zimeshatoka, sasa inataka kula na caparra (pesa ya kutanguliza kushikilia chumba). Sikubali!

Wakuu salaam,

Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Kuna nyumba ndogo ya wageni Dobbiaco, mji wa milimani kaskazini mwa Italia kwenye Dolomiti. Pesa yangu wanayo tangu Februari. Barua ya kupeleka ubalozini waliandika wenyewe. Wazazi wangu wamepata viza kwa barua hiyo hiyo. Leo ni Juni, tiketi za ndege zimeshalipwa, safari ni Julai, ndiyo wananitumia ujumbe wa mistari mitatu kwamba chumba hakipo tena. Eti mfumo ulikosea, chumba kimeuzwa mara mbili. Na katika caparra yangu ya euro 450 watanirudishia 400, hiyo 50 ni "gharama za uendeshaji".

Gharama za kuendesha nini? Mtu akuharibie safari halafu akukate pesa kwa kazi ya kukuharibia!

Jina la nyumba siliweki kwa sababu jambo hili nalipeleka kisheria. Lakini mchezo wenyewe nauanika wote, maana humu tuko wengi tunaoishi huku tunaojipanga kuleta wazazi majira ya joto.

Mimi naishi Verona. Mzee wangu ni mtu wa Marangu, ameishi kwa kazi ya mlima: alianza kama mgumu, anabeba mizigo ya wageni kichwani, akapanda ngazi mpaka akawa mwongozaji. Wateja wa Kiitaliano ndio waliomjaza habari za Dolomiti, hasa zile nguzo tatu za mawe zinazoitwa Tre Cime di Lavaredo. Kubwa lao lina mita 2,999, nusu tu ya Uhuru yenye 5,895, ila mzee hana habari na urefu. Anachotaka kuona ni jiwe linalosimama wima namna ile kama ukuta. Mteja mmoja alimwachia picha, iko sebuleni kwetu mpaka leo, imepauka rangi.

Dobbiaco niliichagua kwa sababu zinazoeleweka. Iko kwenye reli ya Val Pusteria, kwa hiyo huhitaji gari. Wakati wa kiangazi kuna basi la kwenda hadi Rifugio Auronzo, nyumba ya wapanda milima chini kabisa ya Tre Cime, na kutoka pale kuna njia pana, laini, ambayo hata bi mkubwa mwenye magoti mabovu anaweza kuifuata taratibu mpaka achoke. Mji wenyewe uko mita 1,256, hakuna wa kusumbuliwa na hewa. Nikawaandikia mapema kabisa: naomba chumba cha chini, mama yangu hapandi ngazi. Wakajibu: hakuna shida, chumba cha chini kipo, kina mlango wa kutokea bustanini. Vyumba viwili, usiku tano, na kifungua kinywa na chakula cha jioni, jumla euro 1,500. Tulipe asilimia 30 kama caparra confirmatoria. Hayo ni maneno yao, wameyaandika wao kwenye barua pepe yao, na mimi nikayarudia vile vile kwenye fomu ya benki nilipotuma pesa. Yashikeni hayo maneno mawili, nitayarudia.

Sasa tuje kwenye viza, maana hapa ndipo watu hawa wanaponichefua.

Mjerumani au Mholanzi akiweka chumba Dobbiaco, anachohitaji ni ujumbe unaosema "karibu". Anawasha gari anakuja. Mzee wangu anahitaji karatasi. Anatakiwa aonyeshe atalala wapi usiku wote wa safari, awe na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, aonyeshe pesa, alipe ada ya euro 90, na mama naye 90 zake, na ada hiyo hairudi hata ukinyimwa. Watoke Marangu mpaka Dar kwa basi, wakatoe alama za vidole, warudi, wasubiri siku 15 ambazo kisheria zinaweza kufika 45. Barua ya malazi ikiwa na kasoro, yote hayo yanakuwa hatarini.

Niliwaeleza haya yote, kwa Kiitaliano, bila kukata kona. Nikaomba barua yenye majina kamili kama yalivyo kwenye pasipoti, namba za pasipoti, tarehe ya kuingia na kutoka, anuani, muhuri na sahihi. Nikaomba pia waandike CIN yao, ile namba ya utambulisho ambayo tangu tarehe 1 Januari 2025 kila nyumba ya kulaza wageni Italia inatakiwa iwe nayo na iionyeshe, asiye nayo faini inaanzia euro 800 hadi 8,000. Nikaletewa nini? Barua pepe ya mstari mmoja: "Ok, imehifadhiwa, tunawasubiri."

Nikaomba tena. Kimya. Nikapiga simu, naambiwa mwenye nyumba yuko likizo, Machi na Aprili huwa wanafunga. Pesa aliipokea bila likizo. Barua ilipokuja jina la mama limekosewa herufi na namba za pasipoti hazimo. Nikauliza kwa nini. Jibu: ni sheria ya kulinda taarifa za watu, haturuhusiwi kuandika namba za pasipoti.

Wakuu, huo ni uongo wa mchana kweupe. Kila mwenye nyumba ya wageni Italia anapokea mgeni, analazimika kupeleka taarifa za kitambulisho chake polisi, kwenye mfumo wa Questura, ndani ya saa 24. Pasipoti ya mzee wangu wangeishika mkononi na kuiingiza kwenye kompyuta siku ile ile anayofika. Kwa polisi wanaandika bila kusita, kwa ubalozi ghafla ni siri! Na namba zenyewe ni mimi niliyewapa, kwa idhini ya wenyewe kwa maandishi. Hawakutaka tu kujisumbua kufungua faili na kuchapa tarakimu chache.

Wazazi walifika Dar na barua ile mbovu kwa sababu miadi ilikuwa imefika, wakaambiwa walete nyingine. Unajua mtu wa umri wa mama yangu kukaa Dar kwa mdogo wake, joto lile, anasubiri karatasi kutoka kwa mtu aliye likizo? Alinipigia usiku akaniambia, "Mwanangu, kama ni shida sana tuache, tutaziona hizo milima kwenye simu." Mama yangu hajawahi kuniomba kitu. Nililia, sioni aibu kusema. Kesho yake niliwapigia wale watu mpaka binti wa mapokezi akaiandika barua sawasawa, na huyo namshukuru, ni yeye peke yake mwenye utu pale. Mwezi Mei viza zikatoka.

Na ndipo wanakata chumba.

Nimeuliza hicho chumba kapewa nani. Hawajibu. Lakini Julai Dobbiaco kumejaa, nimeangalia tarehe zetu kwenye mtandao, vyumba vilivyobaki mji mzima vinauzwa karibu mara mbili ya bei tuliyokubaliana Februari. Sina ushahidi kwamba wamemuuzia mwingine kwa bei ya juu, kwa hiyo sisemi wamefanya hivyo. Nasema tu kwamba "kosa la mfumo" halijawahi kumwangukia mwenye nyumba, kila siku linamwangukia mgeni.

Eti kunifariji wamenipa chaguo: kuna chumba ghorofa ya tatu. Nyumba haina lifti. Barua yangu ya Februari kuhusu magoti ya mama wanayo.

Hawaelewi, au hawataki kuelewa, kwamba kukatiwa chumba baada ya viza si sawa na kukatiwa wikiendi. Askari wa mpakani pale uwanja wa ndege wa Malpensa ana haki ya kumuuliza mzee atalala wapi na kutaka aonyeshe. Mzee akitoa barua ya Dobbiaco, na yule askari akaamua kupiga simu kuhakikisha, atajibiwa nini? "Hatumjui"? Mwenye nyumba ananiweka katika hali gani mbele ya ubalozi ulioniamini? Imenibidi niandike upya kila kitu: dichiarazione di ospitalità kwamba watakaa kwangu Verona usiku zote, nakala ya mkataba wangu wa nyumba, na wakishafika nina saa 48 za kutoa taarifa polisi kwamba nimewapokea. Barua nyingine nimeituma ubalozini kueleza mabadiliko, wasije wakadhani tuliwadanganya. Kazi yote hiyo nafanya mimi, kosa ni la mtu mwingine.

Haya, caparra. Hapa naomba msome vizuri hata kama hamna mpango wa Dobbiaco.

Italia kuna acconto na kuna caparra confirmatoria, na watu wanazichanganya. Acconto ni sehemu tu ya bei uliyotanguliza, mambo yakiharibika unarudishiwa kama ilivyo. Caparra confirmatoria iko kwenye Kanuni za Madai, kifungu cha 1385: aliyetoa akivunja makubaliano, anaipoteza. Aliyepokea akivunja, aliyetoa anaweza kujitoa na kudai MARA MBILI. Kwa hiyo mimi siwadai 400, wala 450. Nawadai 900.

Nilipowaandikia hivyo wakageuka. Ghafla ile haikuwa caparra, ilikuwa acconto, "ni namna ya kusema tu". Sasa kwa nini kwenye masharti yao wameandika kwamba nikighairi mimi wao wanabaki na pesa yote? Nikighairi mimi ni caparra, wakighairi wao ni acconto? Hapana. Neno mliliandika wenyewe, na fomu ya benki inalo.

Wakaja na kitisho kingine: ukitaka kesi njoo Bolzano, mji mkuu wa mkoa wao. Huo nao ni uongo. Sheria ya kumlinda mlaji Italia inasema mahakama yenye mamlaka ni ya mahali anapoishi mlaji, na mimi naishi Verona. Na kwa giudice di pace, hakimu wa madai madogo, dai lisilozidi euro 1,100 unaweza kusimama mwenyewe bila wakili. Langu ni 900. Wamezoea kwamba mgeni, hasa mwenye rangi yangu na jina langu, akisikia "mahakama" anachukua alichorushiwa na kunyamaza. Barua rasmi ya madai nimeshaituma kwa posta, raccomandata yenye risiti ya kupokelewa, nimewapa siku 15.

Kwa wanaojipanga sasa hivi, fanyeni hivi kabla hamjatuma hata senti. Dai barua ya ubalozi KWANZA, yenye kila kitu, ndipo ulipe. Nyumba isiyoweza kuandika majina ya wageni wake sawasawa kabla ya kupokea pesa haitaandika baada ya kupokea. Angalia CIN. Dai neno caparra confirmatoria liandikwe kwenye makubaliano na ulirudie kwenye maelezo ya malipo ya benki, taslimu usikubali. Ukienda mikoa ile ya Bolzano, kila mji una jina la Kiitaliano na la Kijerumani, Dobbiaco ni hiyo hiyo Toblach, kwa hiyo barua iwe na yote mawili ili bima na ratiba zisipishane nayo. Uliza mapema pia kuhusu kodi ya kulala, inalipwa kwa kichwa kwa kila usiku na mara nyingi haimo kwenye bei unayotajiwa. Na uliza kama wanatoa Guest Pass, kadi ya mgeni ya kupanda mabasi na treni za mkoa bila kulipa. Wale wetu walituahidi, nikapanga safari zote za mzee kwa kadi hiyo.

Kuhusu Tre Cime, mzee ataziona. Nimepata chumba kimoja cha chini San Candido, kituo cha mwisho cha reli ile ile, kwa usiku mbili badala ya tano, bei inauma. Mimi nitalala kwa jamaa Brunico. Mwenye nyumba yule, kabla sijamlipa chochote, alituma barua yenye namba za pasipoti zote mbili na muhuri, jioni ile ile niliyopiga simu. Kumbe inawezekana.

Ninachoomba kwenu: kuna yeyote hapa aliyewahi kusimama mwenyewe mbele ya giudice di pace kwa dai la aina hii? Nataka kujua kama barua pepe za kawaida zilipokelewa kama ushahidi au waling'ang'ania PEC (barua pepe rasmi yenye nguvu ya kisheria), na kama upande wa pili ulifika au ulituma wakili tu. Wa Padova na Bologna najua mko humu.

Siku 15 zikiisha nitaleta mrejesho hapa hapa, walipe au wasilipe.