Mtulinga umeanza kuunga baada ya wiki saba: nitajuaje kwamba bega liko tayari kwa pikipiki?

Mpanda Taratibu ameuliza:

Hodi wenyeji. Wiki saba zilizopita gurudumu la mbele liliteleza kwenye mchanga katikati ya kona, nikaangukia bega la kulia na mtulinga ukavunjika. Sikuhitaji kupasuliwa, nilining'iniza mkono kwa kitambaa kwa wiki nne, na picha ya juzi imeonyesha kwamba mfupa umeanza kuunga vizuri. Daktari ameniruhusu kuutumia mkono kwa kazi nyepesi, lakini nilipomuuliza kuhusu pikipiki alitabasamu tu, akasema nisubiri maumivu yaishe.

Hapo ndipo ninapokwama, kwa sababu nikiwa nimetulia sisikii maumivu yoyote. Ila nikitaka kuchukua kikombe kwenye rafu ya juu, bega zima hupanda hadi karibu na sikio kabla mkono wenyewe haujafika popote. Jana nilikalia pikipiki ikiwa imezimwa. Niliweza kubana breki na kuzungusha mkono wa mafuta bila shida, lakini nilipogeuza usukani kushoto hadi mwisho, mkono wa kulia ukalazimika kunyooka mbele, nao ukaanza kutetemeka. Je, kuna kipimo cha kuaminika zaidi ya kutosikia maumivu?

Gia ya Pili amejibu:

Pole sana, ndugu yangu. Mimi halikuwa suala la mfupa bali bega la kushoto lililochomoka, na nilirudi barabarani katika wiki ya tano nikijiona shujaa. Kwa siku tisa niliendesha vizuri kabisa, nikawa nawacheka walionikataza. Siku ya kumi sikuwa hata barabarani: nilikuwa nairudisha pikipiki kinyumenyume uani, ikalalia upande wa pili, nami bila kufikiri nikaikamata kwa mkono ule ule mgonjwa. Ikauvuta mkono na bega likachomoka tena. Safari hii kano zilihitaji kushonwa, na nilikaa miezi sita bila kupanda.

Ndiyo maana nakushauri usijipime kwa safari yenyewe, kwa kuwa safari ikienda sawa haidai nguvu nyingi. Jipime kwa mambo yanayoizunguka: kuisukuma ikiwa imezimwa, kuipandisha kwenye stendi ya kati, kuizuia inapoanza kulala. Ikiwa unahitaji mtu wa kukusaidia kuitoa uani, basi bado hujawa tayari kuipanda.

Mnyoosha Viungo amejibu:

Nafanya kazi ya fiziotherapia, na maelezo yako kuhusu kikombe yamenieleza mengi kuliko hiyo picha. Bega ni kiungo chenye uhuru mkubwa wa kuzunguka kuliko viungo vyote vya mwili, na uhuru huo una gharama yake: kichwa cha mfupa wa mkono kimekaa kwenye kitako kifupi sana, mithili ya mpira uliowekwa juu ya kisosi, na kazi ya kuuzuia mpira usidondoke wameachiwa kano na misuli minne midogo inayolizunguka. Misuli hiyo hudhoofika upesi mkono unaponing'inizwa. Ikishindwa kazi, misuli ya shingoni huingilia kati na kulivuta bega zima juu, na hicho ndicho unachokiona ukiinyooshea rafu mkono.

Kwa mtu mzima, mtulinga huchukua takribani wiki 6 hadi 12 kuunga, na nguvu hurejea baadaye zaidi. Anza kwa kuinama ukiegemea meza kwa mkono mzima, uache ule mgonjwa uning'inie na kupembea kama kengele. Kisha simama mbele ya ukuta na upandishe vidole polepole, ukiacha pale bega linapoanza kupanda na si pale maumivu yanapoanza. Hilo wengi hulikosea. Mazoezi ya kuvuta mkanda wa mpira, kiwiko kikibana taulo iliyokunjwa ubavuni, yaje baadaye. Na kujisukuma ukutani, halafu mezani, kuje mwisho, tena kwa ridhaa ya anayekutibu.

Kuhusu kipimo, kumbuka kwamba mkono wa kulia ndio unaoshika mafuta na breki ya mbele, na breki hiyo ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha pikipiki. Ukifunga breki ghafla, uzito wa kiwiliwili hukimbilia mbele na kuangukia mikono. Vilevile, kukwepa kitu kwa upande wa kulia ukiwa kwenye mwendo hutaka uusukume mbele mpini wa kulia, kitendo kile kile kilichokutetemesha jana. Mkono uliotetemeka pikipiki ikiwa imesimama hauwezi kutegemewa kwa dharura.

Nundu juu ya mfupa isikutishe, kwani ni kawaida mfupa unapounga. Lakini ganzi kwenye mkono au kiganja kinachopoteza nguvu ni suala la neva, na lipelekwe kwa daktari bila kungoja miadi. Na kama unavuta sigara, huu ndio wakati wa kuacha, maana huchelewesha mfupa kuunga.

Upepo wa Kisogo amejibu:

Nakubaliana na waliotangulia, ila naongeza mawili. Kwanza, kama bado unameza dawa za maumivu zinazoleta usingizi, mjadala wote huu umekufa hapo hapo. Pili, siku utakayoruhusiwa, jizoeze katika uwanja mtupu kufunga breki huku magoti yakibana tangi, ili uzito usiishie wote mikononi. Wengi wetu tuna tabia ya kuuegemea usukani, na hatujui mpaka bega litukumbushe.

Mpanda Taratibu ameandika tena:

Nawashukuru nyote. Kisa cha kuirudisha pikipiki uani kimenigusa, kwa sababu hata jana aliyeitoa ilipokuwa ni jirani, nami nikajifanya sikuliona hilo. Leo asubuhi nimesimama mbele ya ukuta na kuweka alama mbili kwa kalamu ya risasi, moja pale vidole vya kushoto vilipofika na nyingine pale bega la kulia lilipoanza kupanda. Ya kulia iko chini kwa zaidi ya shibiri. Nimeifunika pikipiki kwa turubai, na ufunguo nimempa mke wangu, ambaye amesema atakuwa akizikagua alama hizo mwenyewe kila Jumapili.