Paneli za jua juu ya kamio (lori) ya umeme: wanatuuzia kilomita mbili kwa siku!

Mzee_wa_Plato, Lubumbashi

Bandugu, uzi huu naufungua kwa hasira na siombi radhi. Hapa mjini kila muuza paneli sasa amegeuka mtaalamu wa kamio ya umeme. Anafika parkingi, anaonyesha video kwenye simu, anasema: "Patron, weka paneli juu ya kabini, kamio itajichaji ikitembea, SNEL, shirika la umeme, utaisahau." Mwenye kamio amechoshwa na delestaji (kukatiwa umeme kwa zamu), anatoa dola. Hesabu haionekani kwenye fakture, basi tuipige hapa.

Paa la kabini ya tirela kubwa ni kama mita 2.3 kwa 2. Toa mahali pa honi, antena na ile ngao ya upepo, zinabaki mita mraba 4 hivi. Paneli nzuri ya leo inatoa wati 200 hadi 220 kwa mita mraba moja. Basi una wati 800, ndio mwisho. Jua la Katanga silikatai, ni zuri: kwa wastani wa mwaka tunapata kama saa 5 na nusu za jua kamili kwa siku. 800 mara 5.5 ni kWh (kilowati-saa) 4.4. Lakini hizo wati zilipimwa kiwandani kwenye nyuzi 25. Paneli iliyolala juu ya bati la kabini inafika nyuzi 65 mpaka 70, na kila nyuzi moja kupita 25 inakula karibu asilimia 0.35 ya nguvu. Ongeza vumbi jekundu la kiangazi, ongeza waya na regilateri (kidhibiti cha chaji). Ukibakiwa na asilimia 70, shukuru. Ni kWh 3.1 kwa siku.

Kamio ya tani 40 iliyopakia inakula kama kWh 1.1 kwa kilomita ikiwa kwenye lami laini ya Ulaya na shofere ana mguu mwepesi. Volvo walitangaza namba hiyo kwa FH Electric yao. Kwetu, na mashimo, vizuizi, simama-ondoka, weka 1.5. Siku nzima ya jua imekupa kilomita mbili. Kasumbalesa, mpakani na Zambia, iko kilomita 90 hivi. Kama parkingi yako iko Ruashi, mtaa wa hapa mjini, hujatoka Ruashi.

Sasa pesa. kWh 3.1 kwa siku 300 za kazi ni kama 930 kwa mwaka. Hata umeme ukikugharimu senti 15 za dola kwa kWh, umeokoa dola 140. Mtu akikuuzia seti kwa dola 3,000, utarudisha pesa yako baada ya miaka 21. Paneli laini ya kubandika, juu ya kabini inayotikisika kila siku, ikikupa mitano una bahati.

Halafu kuna ile video ya Scania inayozungushwa kila kona. Iangalieni vizuri, jamani! Ni kamio ya utafiti waliyoitoa 2023 na Chuo Kikuu cha Uppsala. Ni hibridi. Tirela ni ya mita 18, imevikwa paneli mita mraba 100, paa na mbavu zote, kilowati 13.2 za kilele. Pamoja na hayo yote walitarajia mpaka kilomita 5,000 kwa mwaka kule Uswidi, yaani chini ya 14 kwa siku. Kwetu jua ni zaidi, sawa. Lakini sisi tunabeba nini? Katodi (sahani) za shaba juu ya plato, tirela bapa, na magunia makubwa ya kobalti chini ya bashi (turubai). Plato haina paa! Mzigo unapandishwa na kushushwa kutoka juu na ubavuni. Paneli utaiweka wapi, juu ya bashi?

Na uongo mwingine ni wa wati zenyewe. Wanauza paneli imeandikwa "600W" yenye mita 1.2 kwa 0.6. Chukua mita ya fundi nguo, pima urefu na upana, zidisha, kisha zidisha kwa 220. Hapo unapata 158. Hakuna kiwanda duniani kinachoweza kutoa wati 600 kwenye eneo hilo. Kipimo hiki hakihitaji shule, na muuzaji akikukataza kupima, rudisha pesa mfukoni.

Fundi_Kampemba

Mzee, umewahurumia. Umehesabu kana kwamba zile kWh 3.1 zinafika kwenye batri kubwa. Mara nyingi hazifiki kabisa.

Batri inayosukuma kamio ni ya volti 600 au zaidi. Paneli ya kabini inatoa volti 20 mpaka 50. Kuunganisha hizo mbili kunataka kipandisha-volti chenye utengano kamili, na kiweze kuzungumza na BMS, ule ubongo wa batri. Kamio ikizimwa, BMS inafungua kontakta (swichi kubwa za batri), na batri kubwa inakuwa kama imekatwa waya. Ili ipokee umeme lazima BMS iwe macho, kontakta zimefungwa, wakati mwingine na pampu ya kupoza inazunguka. Hivyo vitu peke yake vinaweza kula wati 150 mpaka 300. Toa hizo kwenye wati 500 unazopata kweli saa sita mchana, uone kinachobaki.

Wengine wanasema, "Tutapitisha kwenye plagi ya kuchajia, kwa ondilere (kigeuzi cha kutoa umeme wa nyumba)." Kwanza, kamio nyingi kubwa za Kichina zina soketi ya mkondo mnyoofu tu, ile ya kanuni ya Kichina, GB/T, hazina chaja ya ndani ya umeme wa nyumba. Pili, hata zile zenye chaja ya ndani, kanuni ya kuchaji kwa umeme wa nyumba inaanzia ampea 6. Ampea 6 kwa volti 230 ni wati 1,380. Paneli yako ya wati 800 haiwezi hata kuiamsha chaja. Itawaka, itazima, itawaka, itazima, mpaka ondilere ilie.

Basi seti hizi zinaunganishwa wapi? Kwenye batri ya volti 24, ile ya taa na honi. Muuzaji anakuwekea kioo kidogo kwenye dashibodi kinachoonyesha wati, shofere anafurahi, patron anafurahi. Kilomita hata moja haijaongezeka.

Wabaya zaidi ni wale wanaochuna waya za chungwa, zile za volti kubwa. Ukigusa hizo bila kutoa plagi ya usalama na kusubiri kapasita ziishe umeme, unakufa. Ukipona, umeharibu insulation, na siku ya mvua ya kwanza kamio inaonyesha kosa la utengano na kukataa kuwaka. Garanti imekwenda.

MamaDepo_BelAir

Yaya Mzee, mimi sikubaliani na yote. Unasema kamio kana kwamba ni tirela za shaba tu. Sisi wa kugawa bidhaa mjini tuna kamio ndogo za sanduku, paa la bati mita 6 kwa 2.4, na kwa siku zinazunguka kilomita 50 au 60 tu kati ya depo na mitaa ya Katuba, Kenya na Kamalondo. Hesabu hiyo uliipiga?

Mzee_wa_Plato

Mama, hapo una haki, na hiyo ndiyo kamio pekee ambayo mtu anaweza kubishania. Mita mraba 14, ukiacha nafasi ya kupita unapata 12 za paneli, kilowati 2.6. Mara 5.5, mara 0.75 ukiwa umeacha hewa ipite chini yake, ni kWh 10.7. Kamio ya tani 7 au 8 mjini inakula kama 0.7 kwa kilomita. Kwenye karatasi ni kilomita 15 kwa siku, robo ya kazi yako.

Lakini njia ya kuingia kwenye batri kubwa ni ile ile aliyosema Fundi. Unahitaji batri ya katikati, litiamu ya volti 48 yenye kWh 5, inayojaa polepole kisha inatoa kwa ampea 6 au 8 kupitia ondilere. Kila mlango unatoza ushuru wake: regilateri, batri ya katikati, ondilere, chaja ya ndani ambayo kwa nguvu ndogo haifanyi kazi vizuri. Ukifika mwisho umebakiwa na kama robo tatu, kWh 8, kilomita 11. Na umebeba kilo 55 za paneli laini, au zaidi ya 130 za kioo bila fremu, pamoja na batri ya kilo 50.

Sasa nikuulize: kwa nini usiweke paneli zile zile juu ya depo? Pale hazitikisiki, hazilali bapa, hazipigwi na matawi ya miembe, na mlinzi anaweza kuziosha. Ziinamishe nyuzi 12 mpaka 15 zikitazama KASKAZINI. Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu kuna mafundi wanaofuata video za Ulaya na kuzielekeza kusini. Sisi tuko chini ya ikweta!

Chukua mfano wa tirela kubwa: paneli 110 za wati 545, kilowati 60, mita mraba 284. Kwa siku ya wastani ni kama kWh 257; toa hasara za kuchaji, 231 zinaingia kwenye kamio. Kwenda Kasumbalesa umepakia ni 135, kurudi plato tupu kwa 0.9 ni 81. Jumla 216. Safari nzima imelipwa na jua. Januari mvua ikikaza utapungukiwa, hapo unachanganya na SNEL wakati wowote inapokuwepo. Na kamio haipo parkingi saa sita mchana, kwa hiyo ama uwe na batri za depo, ama kamio mbili zipokezane. Hizo ni gharama kweli, sizifichi. Lakini mwaka 2024 bei ya paneli kiwandani Uchina ilikuwa chini ya senti 15 kwa wati. Paneli si ghali tena. Tunachotozwa ni maneno yanayobandikwa juu yake.

Shofere_Kasumb

Wakubwa, swali. Kamio ikilala kwenye foleni ya mpaka siku nne au tano, batri kubwa inaonyesha asilimia 60, lakini asubuhi ufunguo hauamshi kitu. Patron anasema batri imekufa, nunua mpya. Paneli haisaidii hapo?

Fundi_Kampemba

Mdogo wangu, hapo ndipo paneli inapostahili jina lake, na hapo ndipo hao wauzaji hawasemi kitu kwa sababu seti ni ndogo na faida ni ndogo.

Kontakta za batri kubwa zinafungwa kwa umeme wa volti 24. Ile 24 ikiisha, batri kubwa ikiwa imejaa au haikujaa, kamio ni jiwe. Traka, alamu na BMS iliyolala vinaweza kula ampea 1 bila wewe kujua, ni Ah (ampea-saa) 24 kwa siku. Batri mbili za asidi za Ah 180 kwa mfuatano zinakupa Ah 180, na nusu yake tu ndiyo ya kutumia bila kuziua. Siku nne hivi, basi. Ukiongeza feni na radio, mbili.

Paneli moja tu inatosha, lakini chagua vizuri. Ile ya vipande 108, wati 430, ina volti 32 za kazi; ikipata joto la nyuzi 65 inashuka kwenye 27.5, na batri ya asidi inataka 28.8 ili ijae. Itachaji asubuhi na kulala mchana. Tafuta ya vipande 144, wati 550, volti 41. Ni mita 2.28 kwa 1.13, inalala kwa upana wa kabini, kilo 28. Kabini yenye ngao ya upepo haina nafasi hiyo: weka ndogo tatu za wati 100 kwa mfuatano.

Regilateri iwe MPPT (aina inayofuata volti bora za paneli) ya ampea 30, volti 100 upande wa paneli. Sokoni kuna PWM (aina duni inayoivuta paneli kwenye volti za batri) zenye karatasi ya MPPT. Ijaribu: jua likiwa kali na batri ikipokea, pima volti za waya wa paneli. Zikilingana na za batri, ni PWM. Za MPPT zitabaki juu, 35 na zaidi. Weka 28.8 za kujaza na 27.4 za kushikilia.

Waya wa mm² 6 kutoka paneli, mm² 10 kutoka regilateri hadi batri, fyuzi ya ampea 30 isiyozidi sentimita 20 kutoka kwenye pole chanya. Tundu la paa litiwe glandi ya mpira. Waya ukisuguana na bati tupu kwenye barabara zetu, moto hauko mbali. Konekta za MC4 ziwe za aina moja pande zote mbili, zile za kuchanganya zinayeyuka. Acha sentimita 3 za hewa chini ya paneli. Unganisha batri kwanza, paneli mwisho; kufungua ni kinyume chake. Kaza boliti tena baada ya kilomita 500.

Shofere_Kasumb

Asante, mukubwa. Na wezi? Pale foleni wanafungua hata taa.

Fundi_Kampemba

Boliti za inoksi M8 na nati za kukatika kichwa, wafunguaji wengi hawana muda wa kukata kwa disku wewe ukiwa ndani. Asije mtu akakwambia apige pointi ya kulehemu kwenye kabini. Kulehemu juu ya kamio ya umeme bila kutenganisha volti 24 na kutoa plagi ya usalama kunaweza kuua BMS, na hiyo haiuzwi kwenye soko la Kenya.