Opali za Welo zimepoteza rangi majini: nizikate au nimepigwa?

Fundi_Kondele
Hamjambo wadau. Natengeneza pete na vipuli vya fedha hapa Kondele, Kisumu. Mawe huwa nanunua yakiwa yameshakatwa. Majuzi shemeji anayeendesha lori njia ya Moyale aliniletea opali ghafi za Welo, kule Ethiopia, gramu 60 hivi. Kubwa lao linatosha kucha ya kidole gumba, mengine ni punje tu. Yakiwa makavu yalimeta kijani na chungwa hata chini ya taa ya jikoni. Nikayaloweka ili udongo utoke. Asubuhi nakuta yote maangavu, rangi hakuna. Ni glasi hii? Nina grainda, mota ndogo ya kung'arishia na misasa. Kama ni opali kweli, nianzie wapi kukata?

Pete_na_Shanga
Umepigwa, ndugu. Jiwe halali halipotezi rangi kwa sababu ya maji. Mrudishie shemeji kabla hajavuka Isiolo.

MamaMawe_Bondeni
Pete_na_Shanga, usimvunjie kijana undugu bure. Glasi hainywi maji; opali ya Welo hunywa. Ndani yake kuna vijitufe vya silika vilivyojipanga safu kwa safu, na mwanga ukipita katikati yao ndipo rangi zinapotokea. Maji yakijaa kwenye mianya, rangi hufifia. Yatoe, yaweke kwenye kitambaa kivulini, uyasahau. Mengine hurudi baada ya siku chache, mengine huchukua wiki kadhaa. Usiyaanike juani wala kuyaweka karibu na jiko, yatapasuka. Ukitaka kuhakikisha, gusa jiwe kavu kwa ulimi: likinata, hilo linakunywa. Ama lipime kwenye mizani ya sonara likiwa kavu, kisha likiwa limelowa.

Lakini kabla hujayatoa, hapo umepata nafasi nzuri. Jiwe likiwa angavu, mulika kwa tochi kutoka nyuma. Nyufa zote zitajionyesha, na michanga iliyonaswa ndani pia. Lenye ufa uliopita katikati liweke kando, hilo la kujifunzia. Wauzaji wengine huonyesha mawe ndani ya chupa ya maji kwa sababu maji huficha mikwaruzo na nyufa za juu juu, kwa hiyo siku ukinunua mwenyewe sema unataka kuyaona makavu, kwa mwanga wa ndani ya nyumba. Juani kila opali ni malkia.

Yakikauka, shika moja moja uligeuze polepole. Tafuta upande ambao rangi inawaka ukilitazama kutoka juu. Huo ndio uso wa pete, hata kama utapoteza nusu ya jiwe. Watu wengi hukata kufuata umbo ili wasipoteze uzito, halafu wanabaki na jiwe kubwa linalometa ubavuni tu, mahali ambapo fedha italifunika. Mimi heri karati mbili zinazowaka kuliko tano zilizolala. Za Australia, kama za Coober Pedy, mara nyingi zina utepe wa rangi juu ya opali isiyo na rangi, unaufuata huo utepe. Za Welo mara nyingi rangi imeenea jiwe zima, kwa hiyo mwelekeo ni wewe wa kuamua.

Sasa, grainda iweke chini. Joto na mtikisiko vitalimaliza. Na opali usianze nayo. Tafuta lile jiwe jeusi la kioo la volkeno linalotoka pande za Eburru na Naivasha. Ugumu wake ni 5 hadi 5.5, opali ni 5.5 hadi 6.5, na yote mawili humeguka vilevile kama kioo. Mkono ukiweza hilo, opali haitakushangaza. Ila usiokote ndani ya Hell's Gate wala Kariandusi, hayo ni maeneo ya hifadhi. (Ule udongo mweupe unaochimbwa Kariandusi ni maganda ya viumbe vidogo vya majini, nao ni silika ya aina ileile ya opali! Haujajipanga tu, ndiyo maana haumeti.)

Kazi yenyewe: nunua misasa ya maji kwenye maduka ya rangi za magari, namba 400, 600, 1200 na 2000. Ibandike juu ya kipande cha kioo kinene. Jiwe libandike kwenye kichwa cha msumari kwa supaglu, upande wa mgongo, si kwa nta ya moto. Wapo wanaokata Welo likiwa kavu. Mimi hulilowesha kwanza mpaka viputo viishe kutoka, ili lisinywe maji upande mmoja tu huku upande mwingine ni mkavu. Saga ukizungusha, uso ubaki umevimba kama mgongo wa kobe, na kingo uzivunje kidogo zisibaki kali. Usihamie msasa unaofuata kabla mikwaruzo ya ule wa kwanza haijaisha, hapa ndipo uvivu huonekana. Mwisho ni oksidi ya seriamu kwenye ngozi yenye unyevu. Ndiyo ile wanayong'arishia vioo vya magari. Utamaliza na jiwe lisilo na rangi. Subiri likauke.

Na barakoa uvae. Vumbi la silika huharibu mapafu, kwa hiyo kila kitu kiwe na maji, na ute wa kusagia ufute kabla haujakauka mezani.

Marigat_Vito
Niongeze moja. Ukiletewa Welo nyeusi tii kwa bei ndogo, shuku. Kwa kuwa zinanyonya, hutiwa rangi au kufukizwa moshi. Na zile shanga za samawati zinazoitwa opalaiti ni glasi: weka juu ya kitambaa cheusi ni samawati, inua kwenye mwanga zinageuka manjano.

Pete_na_Shanga
Haya, nimenyamaza.

Fundi_Kondele
Asante sana mama. Mawili madogo yameanza kurudi kijani pembeni. Lile kubwa lina ganda la kahawia, nilivunje kwa koleo? Na mteja wangu anataka pete ya kila siku.

MamaMawe_Bondeni
Koleo hapana! Fungua dirisha kwa msasa wa 400, upande mmoja tu, uchungulie rangi imelala vipi kabla hujaligusa kwingine. Pete ya kila siku mshawishi achukue kidani au vipuli. Akikataa, lizungushie fedha ukingo mzima, usiweke makucha ya kushikilia jiwe, na mwambie aivue akiosha vyombo na akipaka mafuta, maana mafuta nayo litayanywa.